Kwa Nini Treni Inasimama Uvinza

Siku hizi hapa Gatete ukikaa na vijana dakika tano, tatu ni za reli. Mimi nasimamia kikundi cha vijana 23, wengi wana miaka 17 mpaka 22, tunakutana chini ya michikichi mara mbili kwa juma. Zamani waliongea mpira na mgao. Sasa wanaongea Musongati. Mwezi Agosti 2025 viongozi wa Burundi na Tanzania walizindua pale ujenzi wa reli itakayotoka Uvinza, upande wa Tanzania, mpaka Musongati penye madini ya nikeli. Musongati iko mkoa mmoja na sisi, huu wa Burunga. Burundi haijawahi kuwa na reli. Kwa hiyo kijana aliyelala chini ya shitingi akisikia neno reli, anasikia kazi.

Watano katika kikundi wanataka kwenda. "Yaya, reli ni pesa," ndivyo wanavyoniambia, wakishasema hivyo wanaona mazungumzo yameisha. Mama wa mmoja wao alinikuta kwenye foleni ya maji akaniuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, wewe ulikulia kwenye reli. Huko kuna nini?" Swali lile nililibeba muda mrefu. Nalijibu hapa kwa maandishi, maana naona si la mama mmoja tu.

Ni kweli nilikulia kwenye reli. Nilizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Lugufu, mkoa wa Kigoma. Kambi ilifunguliwa 1997 kwa ajili yetu Wakongomani tuliovuka ziwa kwa vita, na reli ya kati, ile ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, inapita upande huo. Usiku honi ilifika mpaka ndani ya nyumba. Nyanya yangu, mama mzaa mama, aliisikiliza ile honi kama mkulima anavyosikiliza ngurumo.

Alikuwa anachemsha karanga na mihogo, anaenda kuuzia abiria dirishani. Wee, ile si biashara ya mtu mzito. Treni ya abiria haikupita kila siku, na ikipita haikai. Unakimbia na sinia kichwani, mkono mmoja unatoa karanga, mwingine unapokea shilingi, na kuna abiria ameshachukua muhogo anasubiri behewa liondoke ili asilipe. Nyanya alisema treni ikiwahi, sisi tunalala njaa. Mimi nilikuwa mtoto, sikuelewa. Alinieleza: treni ikitembea vizuri, abiria bado wana chakula walichobeba Tabora, na dereva ana haraka. Treni ikichelewa njiani nusu siku, chakula kimeisha, watoto wanalia, na injini ikisimama inasimama hasa. Siku hiyo sinia linarudi tupu.

Alikuwa na biashara ya pili, chumvi. Alinunua kwa wachuuzi waliotoka nayo Uvinza, akaipima kambini kwa kijiko na kikombe, kwa sababu chumvi ya mgao iliisha kabla ya siku ya mgao mwingine. Kwa karanga na chumvi mama yangu alipata madaftari, na mimi nikapata viatu vya kwanza.

Basi Uvinza ndiyo ilikuwa mji mkubwa katika akili zetu. Ukweli ni mji mdogo tu: stesheni, soko, nyumba za bati, kiwanda cha chumvi. Lakini ni mji ambao haujafa, na nilipokuwa mkubwa nikataka kujua kwa nini. Wazee wa Lugufu walinisimulia kidogo, mengine nikayasoma.

Pale Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wachunguzi wa mambo ya kale walichimba pale, wakakuta vigae vya vyungu na majivu, wakaona kwamba watu walikuwa wanachemsha chumvi mahali hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kila kiangazi watu walikuja kutoka mbali, Buha, Unyamwezi, kando ya ziwa, hata huku Burundi. Walijenga vibanda vya nyasi, wakakata kuni, wakachemsha maji mpaka chumvi ikabaki chunguni, wakaifunga mizigo. Mvua ikianza wanarudi kwao. Kwa maneno ya leo ningesema ile ilikuwa kambi, lakini ya watu waliokuja kwa kupenda na kuondoka na mzigo kichwani.

Watemi wa Wavinza walijua wanakalia nini. Chumvi ikitoka, ushuru unabaki. Malagarasi nayo ni mto wa kuvuka kwa mtumbwi, na njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita hapo, kwa hiyo msafiri alilipa kupita na akalipa kuvushwa. Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, naye alitoa vitambaa vya hongo huku akilalamika. Watu walikuwa wanasimama Uvinza kabla treni yenyewe haijazaliwa.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma. Kiwanda cha chumvi cha Uvinza walikuwa wameshakianzisha kabla reli haijafika. Sasa fikiria chumvi ilivyo: ni nzito, na bei yake ni ndogo. Ukiibeba kichwani siku kumi, chakula cha mbebaji kinakula faida yote. Treni ikaibeba kwa tani. Kiwanda kikataka watu wa kukata kuni, wa kuchochea moto, wa kushona magunia, wa kupakia behewani. Reli ikataka watu wa kukaza mataruma na wa kuangalia ishara. Hao wote wakataka ugali, chai, fundi wa baiskeli, mtu wa kunyoa nywele. Ndivyo mji ulivyopatikana. Wenye kiwanda wamebadilika, Wajerumani, kisha kampuni ya wakati wa Waingereza, na wengine baada ya Uhuru. Chemchemi haikuhama.

Mbele zaidi, Kigoma, sababu ya treni kusimama ni nyingine: reli imeisha, mbele ni maji. Wengi hapa wanaijua Ujiji kwa jina la zamani, mji wa misafara, wa Waswahili na Wamanyema, wengi wao wenye asili ya Kongo yetu. Ujiji ilikuwa tajiri wakati Kigoma ni kijiji. Lakini bandari yenye kina kizuri ilikuwa Kigoma, kilomita chache tu kutoka Ujiji, na reli ikaishia huko. Wafanyabiashara wakafuata. Ujiji haikuchomwa na mtu wala kupigwa vita. Treni ilisimama mahali pengine, basi.

Kupitia reli hiyo ndiyo ilipita ile meli ambayo leo inaitwa Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa kwenye makasha kama 5,000, ikapanda meli nyingine mpaka Dar es Salaam, kisha treni mpaka Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue. Iliinuliwa, na tangu 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyohiyo iliwatoa Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, ikawapeleka Kigoma. Majirani zangu wawili hapa Gatete walikuwa ndani yake. Ninapowaambia kwamba waliokolewa na chuma kilichoshuka kutoka kwenye behewa la treni, wanacheka, wanadhani ni hadithi.

Wabelgiji nao waliona Kigoma ina faida. Mwaka 1921 walikubaliana na Waingereza wapewe eneo lao bandarini Kigoma na lingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Tangu wakati huo mzigo wa Bujumbura unashuka kwenye behewa Kigoma na kupanda meli. Hapo katikati, kati ya behewa na meli, ndipo wapakuzi walipojengea nyumba na kusomeshea watoto. Kama behewa lingeweza kutembea juu ya maji, Kigoma isingekuwa na mji.

Vijana wangu wakisikia hadithi hii wanasema, umeona, reli inaleta mji! Nawajibu wasikie na upande wa pili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitaka kulima karanga kwa matrekta kusini mwa Tanganyika. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikashindwa, mpango ukafa mwaka 1951. Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Vyuma vikaondoka, na watu wakabaki na tuta.

Marekani mambo yalikuwa ya haraka zaidi. Mwaka 1868, kampuni ya Union Pacific ikitandika reli kuvuka Wyoming, palizuka mji unaitwa Benton. Ulikuwa mwisho wa reli kwa wakati huo, kwa hiyo wafanyakazi, wachuuzi, wacheza kamari na wauza pombe wote walijazana, watu kama 3,000, kwenye mahema. Maji hayakuwepo, yaliletwa kwa mapipa kutoka mtoni na kuuzwa. Baada ya miezi mitatu hivi reli ilisogea mbele. Watu wakakunja mahema na kuifuata. Leo Benton ni jangwa. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza muda mrefu. Mahema, maji ya kupimiwa, watu 3,000 waliotoka kila mahali: mbona napajua?

Na Lugufu je? Kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Soko letu lilikuwa kubwa, mpaka wenyeji wa vijiji vya jirani walikuja kununua na kuuza. Kisha watu wakaanza kurudi Kongo kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka, na mwaka 2009 kambi ikafungwa. Waliobaki walipelekwa Nyarugusu. Sisi tulirudi, mimi nikiwa na miaka tisa. Sehemu ya majengo imekuwa shule ya sekondari, na nafurahi kwa hilo. Lakini lile soko limekwenda na watu wake. Treni inapita palepale kama zamani, haikutukosa.

Nyanya, kabla hajafariki, nilimuuliza kwa nini yeye alipata pesa pale stesheni wakati wengine walijaribu wiki moja wakaacha. Alisema kabla ya kuchemsha karanga alikuwa anajiuliza mambo matatu. Treni inasimama hapa kwa nini? Inasimama kwa muda gani? Na ni nani anaruhusiwa kuisogelea?

Nimeyachukua hayo maswali matatu, ninayapeleka Musongati.

Kuhusu la kwanza: treni itasimama Musongati kwa sababu ya nikeli, na kwa sababu kipande hicho cha reli kinaishia hapo. Itasimama mpakani kwa sababu ya forodha. Itasimama Uvinza kwa sababu hapo ndipo njia zitagawana, moja ya Kigoma na moja ya Burundi. Hizo ni sehemu za kuziwekea macho. Kati ya hapo na hapo, treni itapita inapiga honi, na wanavijiji watapunga mkono.

La pili: kazi wanayoiota vijana wangu ni ya kutandika reli, na kazi hiyo haisimami. Inasogea na reli. Leo kibarua analala kijiji hiki, mwezi ujao kile, na siku chuma cha mwisho kinapofungwa anarudi na alichoweka akiba, kama aliweka. Siibezi kazi hiyo. Kuna watu walinunua mashamba kwayo. Lakini mwenye kuifuata ajue anaifuata Benton. Uvinza ni ya atakayekuja na ujuzi unaohitajika baada ya wajenzi kuondoka: kuchomelea, umeme, kutengeneza pikipiki, kupika chakula kisafi, kutunza hesabu ya mizigo.

Yule mama nilimjibu hivyo. Nilimwambia nauli ya kwenda bila jina la mtu aliyekuita ni pesa ya kutupa, afadhali iwe ya kujifunza. Mtoto wake sasa anashinda kwa fundi mmoja mjini Rumonge anayechomelea mageti na kurekebisha mashine za kukamulia mawese. Halipwi bado, anapewa chakula cha mchana. Jioni anarudi na macho mekundu, anajisifu. Wenzake wawili waliondoka kwenda Musongati. Mmoja ametupigia simu mara moja, anasema bado anatafuta wa kumwandika. Tunamwombea apate. Wawili waliobaki kila siku wanabadilisha mawazo.

Nimewaambia pia wayatumie maswali haya hapahapa. Rumonge haina reli, lakini kuna vitu vinavyosimama. Malori yanasimama kwa ajili ya mawese. Mitumbwi inarudi asubuhi na ndagala, na wanunuzi wa Bujumbura wanaisubiri. Magari ya Nyanza-Lac yanasimama kushusha na kupandisha watu. Mahali lori linaposimama saa mbili, dereva ana njaa, tairi linataka upepo, simu inataka chaji. Wasichana watatu wa kikundi chetu wameanza na chai na mihogo ya kukaanga kando ya barabara. Wanaangalia saa lori linapofika, na wanaandika kwenye daftari. Nyanya angewapenda.

Swali la tatu ndilo linanishinda mimi, ndiyo maana nawaandikia na ninyi mnaofanya kazi HCR na kwenye mashirika, mnaosoma kurasa hizi. Lugufu sheria ilisema mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Kuna siku mlinzi mmoja alimkuta nyanya njiani bila karatasi, akamwaga sinia lote la karanga mchangani. Nilikuwa nimeshika kanga yake. Abiria walikuwepo, karanga zilikuwepo, treni ilichelewa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni karatasi.

Mnatupa mafunzo, tunashukuru. Lakini kijana akimaliza kujifunza kuchomelea, je, cheti chake kinaandikwa na nani, na kampuni ya reli itakitambua? Akitaka kutoka hapa mpaka Musongati, mkoa huohuo, anabeba karatasi gani, na inapatikana kwa siku ngapi? Akidhulumiwa mshahara, analalamika wapi? Haya mambo mnaweza kuyauliza ofisini kwa urahisi kuliko sisi, mlango mnaufunguliwa haraka. Tuandikieni majibu kwa Kiswahili na Kirundi, myabandike pale kwenye ubao wa mgao ambapo kila mtu anasimama.

Reli hiyo itachukua miaka kabla treni ya kwanza haijafika. Kwa wengi miaka ni ya kungoja. Kwa kijana wa miaka 18 inatosha kujifunza ufundi mzima na kupata kitambulisho. Kikundi kinakutana Jumanne na Ijumaa saa tisa, chini ya michikichi. Fundi yeyote anayeweza kutoa saa moja ya kufundisha aje, hata kama hana vifaa. Na mwenye kujua habari za vibali aje na karatasi yenyewe, tuione.